Kulinganisha protini za E. coli na Bacillus subtilis kwenye jeli

Umeme huvuta protini kupitia jeli, ndogo zikitangulia, na kila protini huacha mstari wake. Mstari mnene kwenye jeli huwa na maana mbili: ama bakteria ana protini hiyo kwa wingi, ama wewe umepakia sampuli nyingi. Kazi ni kuiondoa hiyo maana ya pili, na sehemu kubwa yake hufanyika kabla hujawasha umeme.

Hatua ya 1. Otesha bakteria wote wawili kwenye mchuzi wa virutubisho wa aina moja, nyuzi 37, usiku kucha. Chukua kidogo, uzimue mara kumi, pima ukungu wake kwa spektrofotomita kwenye nanomita 600, kisha zidisha kwa kumi. Gawanya 1 kwa jibu hilo. Ndizo mililita utakazochukua kutoka chupa yenyewe, isiyozimuliwa. Ukungu baada ya kuzidisha ukiwa 2.0 chukua 0.5, ukiwa 4.0 chukua 0.25. Nimeshaona wanafunzi wakichukua mililita moja kutoka kila chupa, halafu wanaandika kwamba bakteria mmoja "ana protini nyingi zaidi". Hapo jeli imepima ukungu wa chupa tu.

Hatua ya 2. Zungusha kwenye sentrifuji, mwaga maji ya juu, osha mashapo kwa bafa ya Tris (kimiminika kinachoshikilia pH isibadilike). Bafa yenye potasiamu iepuke, maana SDS, sabuni utakayotumia hatua ya 3, ikikutana na potasiamu huganda ikawa chenga nyeupe.

Hatua ya 3. Hapa usiharakishe. E. coli hupasuka kwa SDS na moto tu, lakini Bacillus ana ukuta mnene wa peptidoglaikani. Koroga mashapo kwenye mikrolita 50 za Tris yenye laisozaimu (kimeng'enya kinachokata ukuta huo), miligramu 1 kwa mililita, uache nyuzi 37 kwa nusu saa. Laisozaimu iwekwe kwa wote wawili, hata E. coli asiyeihitaji sana, kwa sababu nayo ni protini: itaonekana karibu na kilodaltoni 14 (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa protini), na ukiiweka upande mmoja utadhani umegundua tofauti.

Ongeza mikrolita 50 za bafa ya sampuli ya nguvu maradufu, yenye SDS, rangi ya buluu na mekaptoethanoli, inayokata viungo vya salfa vya protini (fanyia kazi hii ndani ya kabati la kufyonza hewa), kisha chemsha nyuzi 95 kwa dakika 5. SDS huzikunjua protini na kuzivisha chaji hasi, ndipo zinapokimbia kwa kufuata ukubwa. Mara nyingi sampuli hutoka ikivutika kama mlenda. Hiyo ni DNA. Ipitishe kwenye sindano nyembamba mara kadhaa mpaka idondoke kama maji, la sivyo itaning'inia kwenye pipeti na kumwagikia kishimo cha jirani.

Hatua ya 4. Mimina jeli ya akrilamaidi asilimia 12, pH 8.8, na juu yake jeli ya kukusanyia, pH 6.8. Vaa glavu, akrilamaidi ambayo haijaganda ni sumu ya neva. Pakia mikrolita 10 za kila sampuli, na ngazi ya vipimo (mchanganyiko wa protini za ukubwa unaojulikana) pembeni. Anza na volti 80, kisha 120, hadi rangi ya buluu ikaribie chini. Umeme ukikatika kwa muda mrefu protini husambaa na mistari hufifia, kwa hiyo rudia.

Hatua ya 5. Itie rangi ya Coomassie kwa saa moja, halafu isafishe mpaka usuli uwe mweupe.

Kwanza tazama njia nzima, yaani safu yote ya mistari ya sampuli moja, kwa jumla. Seli za Bacillus hujipanga minyororo na ukungu wake haulingani kabisa na wa E. coli, hivyo njia moja ikififia yote, juu hadi chini, badilisha kiasi unachopakia na uendeshe jeli ya pili. Hiyo ya pili ndiyo ya kusoma. Shuka hadi kilodaltoni 35 mpaka 38: kwa E. coli utakuta mistari minene ya OmpA na ya protini ziitwazo porini (porins), zote za utando wa nje. Bacillus hana utando huo, kwa hiyo mstari wowote utakaouona kwake eneo hilo ni wa protini nyingine, hata ukikaa sambamba kabisa na ule wa E. coli.