Somo: Namna ya kuweka kituo cha kupima hewa Goma ili kilinde afya za watu

Hewa ya Goma huchafuliwa na mambo mengi kwa wakati mmoja: moshi wa makala na kuni, moshi wa pikipiki na jenereta, vumbi jeusi la barabara zilizopita juu ya lava, na gesi za volkano za Nyiragongo na Nyamulagira. Pua ya binadamu haiwezi kuvitenganisha hivyo vyote wala kusema kipi kimezidi leo. Kituo chaweza, lakini kinalinda afya pale tu vipimo vyake vinapomfikia mtu mwenye uwezo wa kubadilisha jambo.

Hatua ya kwanza: amua unapima nini. Tanguliza chembe ziitwazo PM2.5, zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, kwa sababu hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, nyingine zikaingia katika damu, zikachochea pumu na kuongeza hatari ya nimonia kwa watoto, kiharusi na magonjwa ya moyo. Dioksidi ya salfa ya volkano ni gesi, nayo inahitaji kihisi chake, yaani kifaa cha kuipima.

Hatua ya pili: chagua mahali. Kihisi kikae mita 2 hadi 4 kutoka ardhini, penye hewa inayopita, mbali na jenereta na mlango wa jiko, kwani kikining'inia juu ya mbabula kitapima jiko hilo moja na si mtaa. Kimoja hakitoshi mji mzima: hewa ya Birere yenye msongamano wa biashara si sawa na ya Himbi kando ya ziwa. Kwa maoni yangu tuanze na shule na vituo vya afya, maana huko ndiko waliko watoto na wagonjwa, ambao huumia mapema kuliko sisi wengine.

Hatua ya tatu: hakiki. Vihisi vya bei nafuu hukadiria chembe kwa mwanga zinaoutawanya, na ukungu wa msimu wa mvua huzivimbisha, kipimo kikapanda kupita ukweli. Andika unyevu pamoja na kila kipimo, na kabla ya kuvitawanya mtaani, weka vihisi vyote pamoja kwa majuma machache uone kama vinakubaliana.

Hatua ya nne: soma wastani, usihukumu kwa dakika moja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka PM2.5 isizidi mikrogramu 15 kwa mita moja ya ujazo kwa wastani wa saa 24, na 5 kwa wastani wa mwaka.

Hatua ya tano: tenda. Mwalimu mkuu akiona saa za asubuhi ndizo chafu, asogeze michezo. Muuguzi alinganishe vipimo na daftari lake la wagonjwa wa kifua. Na viongozi wa mji wapewe takwimu za msimu mzima, zenye mahali na saa, kwa kuwa lalamiko lisilo na kipimo ni rahisi kuwekwa kando.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, je, kituo hiki kitatuonya juu ya mazuku?
Hapana, mama. Mazuku ni dioksidi ya kaboni, gesi isiyoonekana, nzito kuliko hewa, inayotulia mabondeni na kuua haraka. Kihisi cha chembe hakiitambui kabisa. Ukiona mnyama ameanguka shimoni usimfuate, na uwakataze watoto.

Barakoa ya kitambaa inatosha siku yenye vumbi?
Hupunguza vumbi kubwa, lakini sehemu kubwa ya PM2.5 hupita. Barakoa ya N95 inayobana uso vizuri husaidia kwa chembe, ila haizuii gesi.

Umeme ukikatika, Mwalimu, tufanyeje?
Tumieni paneli ndogo ya jua yenye betri, na kihisi kihifadhi vipimo katika kadi yake. Pengo likitokea liandikwe kuwa pengo, lisijazwe kwa kukisia, ndugu yangu, kwa sababu saa umeme unapokatika ndizo saa jenereta zinapowaka mtaa mzima, na huenda tukapoteza vipimo vya hewa mbaya kuliko zote.