Somo: kumtia mbwa au paka dawa ya macho bila kupigana naye

Wengi wanaoniambia "mnyama wangu hakubali dawa" wanamjia kwa mbele, chupa imeinuliwa usoni pake. Jicho linauma, tena anaona kitu kinamlenga. Lazima arudi nyuma. Somo hili ni la baada ya daktari wa wanyama kumpima na kuandika dawa. Jicho lililofumbwa kwa maumivu au lililogeuka jeupe ghafla halitibiwi kwa kubahatisha.

Hatua ya 1. Nawa mikono, kisha andaa shashi na maji ya chumvi ya dripu (asilimia 0.9). Ukikosa, tumia maji yaliyochemshwa yakapoa.

Hatua ya 2. Ondoa matongo. Yaliyokauka usiyabandue, yaloweshe dakika moja mbili yalainike, halafu futa kutoka pembe ya ndani kwenda nje. Kila jicho na shashi yake. Pamba kavu huacha nyuzi, iweke kando.

Hatua ya 3, na hapa ndipo penye kazi. Mkalishe akiwa amekupa mgongo. Paka mviringe taulo, kichwa pekee kibaki nje. Mkono mmoja ushike kidevu na kuinua pua kidogo. Mkono wenye chupa uulaze juu ya kichwa chake, kidole kikivuta kope ya juu. Akitikisika, mkono unakwenda naye na ncha ya chupa haimchomi. Dondosha tone moja bila ncha kugusa jicho wala kope. Moja latosha; la pili huishia shavuni.

Dawa zikiwa zaidi ya moja, subiri dakika 5 hadi 10 kati yake. Matone hutangulia, ya mafuta huja mwisho, maana mafuta huyazuia matone yasipenye.

Hatua ya 4. Mvishe ile kola ya plastiki yenye umbo la faneli. Najua mtamwonea huruma usiku mtake kuivua. Msiivue. Ukucha mmoja unaharibu kazi ya wiki nzima.

MASWALI

Swali: Nina matone yaliyobaki ya mbwa wangu mwingine. Nitumie?
Jibu: Hapana. Huenda yana steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), na kama kioo cha jicho kina kidonda, steroidi huzuia kidonda kupona na jicho linaweza kutoboka. Ndiyo maana daktari hutia kwanza rangi ya fluoresini: penye kidonda hung'aa kijani.

Swali: Paka wangu nikimtia atropini, ile dawa ya kupanua mboni, anatokwa mapovu mdomoni. Nimempa sumu?
Jibu: Hapana dada, ni ladha chungu ya dawa tu. Dawa hupita kwenye mfereji wa machozi hadi puani na kooni. Muulize daktari kama ipo ya mafuta, hiyo hushuka kidogo. Mboni inaweza kubaki imepanuka siku kadhaa, kwa hiyo muepushe na mwanga mkali.

Swali: Mbwa wangu wa pua bapa amepigana, jicho limechomoka nje. Nilirudishe?
Jibu: Usilirudishe! Lifunike kwa shashi iliyolowa maji ya chumvi, lisikauke, mzuie asijikune, nendeni kwa daktari sasa hivi. Mvue mkanda wa shingoni umbebe. Shingo ikibanwa, presha ya jicho hupanda.