Jiu-jitsu ya Kibrazili ukishapita arobaini: tunavyofanya hapa Kigoma

Wanaoniuliza kama mtu wa miaka hamsini anaweza kuanza jiu-jitsu ya Kibrazili, mchezo wa kushikana, kulaliana na kukabana chini, huwa wanawaza misuli na pumzi. Mimi nawaza shikamoo. Kijana wa miaka ishirini anakuamkia, mnashikana kola, na hapo hapo kila mmoja anaingiwa na haya yake: yeye haya ya kukulalia kifuani, wewe haya ya kugonga, yaani kumpiga kofi dogo kuonyesha umeshindwa akuachie, mbele ya mtoto wa jirani. Katika kikundi chetu kidogo hapa Mwanga, wazee walioumia wengi wao waliumia kwa kuchelewa kugonga, kijana akiwa hana hata habari. Ndiyo maana nusu ya mwongozo huu ni mwili, na nusu ni mapatano.

Umri wenyewe si kikwazo. Mchezo huu umetokana na judo ambayo Mjapani Mitsuyo Maeda aliifikisha Brazili mwaka 1914. Hélio Gracie, mmoja wa walioujenga, alikuwa mtu mwembamba aliyetegemea wenzo na subira. Alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 95. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, IBJJF, nalo linakuweka kundi la wakongwe ukifika miaka 30 tu, na makundi hayo yanapanda hadi la miaka 61 na kuendelea.

Hatua ya 1: Pima presha na sukari

Fanya hivyo kabla hujanunua chochote. Kama presha yako iko juu na haijatulia, umewahi kupata kiharusi, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, usikubali kukabwa shingo mpaka daktari aseme. Kabali hubana mishipa ya pande mbili za shingo inayopeleka damu kwenye ubongo; ikikaa sawasawa, mtu huzimia ndani ya sekunde kumi hivi. Kijana huamka akicheka. Mishipa ya mtu mzima inaweza kuwa imejijengea mafuta ndani, na hapo si mahali pa majaribio. Unaweza kucheza miaka mingi bila kukabwa, ukijifunza kushika, kugeuza na kutoka.

Hatua ya 2: Tengeneza sakafu

Godoro laini la sponji linavutia, lakini ni baya: mguu unazama, mwili unageuka, goti linabaki. Kama huna mikeka ya judo, tengeneza fremu ya mbao, jaza vumbi la mbao kutoka kwa mafundi seremala, lishindilie hadi liwe bapa na gumu kiasi, kisha vuta turubai juu yake mpaka lisiwe na mkunjo hata mmoja. Mkunjo ndio unaovunja vidole vya miguu. Lichunguze kila siku kabla ya kuanza, na msimu wa mvua lifunike, maana vumbi likilowa linaoza na kunuka.

Nguo: gi ya judo, ile koti nene na suruali yenye mkanda, inafaa. Ukiibahatisha kwenye mitumba, chukua.

Hatua ya 3: Pasha mwili, hata kama umeshalowa jasho

Joto la Kigoma linadanganya. Unafika umelowa kwa kupandisha mlima tu, unadhani uko tayari, kumbe nyonga na shingo bado zimelala. Toa robo saa nzima: zungusha mabega, chuchumaa na kuinuka polepole, lala chali ujisogeze kwa nyonga huku na huku, piga daraja kwa kuinua kiuno. Shingo izungushwe kwa upole, bila kuibebesha uzito wa mwili. Ile mitindo ya kubingirika kwa kichwa waachie vijana.

Hatua ya 4: Jifunze kuanguka, kisha anzieni chini

Kidevu kifuani, mgongo uwe wa mviringo, mikono ipige turubai pembeni mwa mwili. Usiutupe mkono nyuma kujizuia. Kiganja, kiwiko na mfupa wa bega huondoka kwa njia hiyo. Rudia ukianzia kuchuchumaa mpaka mwili ufanye bila kuamriwa.

Baada ya hapo, raundi zako nyingi zianze mmoja amekaa na mwingine amepiga magoti. Mwereka wa kusimama ujifunze kwa zamu, mwenzako akikushusha taratibu. Mkataze kila mtu kukurukia kiunoni kwa miguu au kukupiga ngwala ya mkasi, ile ya kukubana kwa miguu yake, mmoja mbele yako na mwingine nyuma. Hapa sina mjadala.

Hatua ya 5: Patana na mwenzako kabla ya kushikana

Hapa ndipo nakaa sana na wageni. Kijana mwenye adabu ukimwachia aamue mwenyewe, atafanya moja kati ya mawili. Ama atakuachia ushinde, nawe urudi nyumbani ukijiona simba na hujajifunza kitu. Ama atakaa kimya akivumilia mpaka wenzake wamcheke, halafu afyatuke kwa nguvu zake zote. Hilo la pili ndilo linalotegua viwiko.

Kwa hiyo sema wewe uliye mkubwa, maana yeye hataanza. Maneno yawe mafupi: "Mwanangu, leo goti la kulia bovu, usiliguse. Nilalie kama unavyomlalia mwenzako, usinionee haya, ila kufuli yoyote ya kiungo ifunge taratibu. Nikigonga, achia." Mwambie na asilimia ya nguvu, nusu kwa mfano. Akizidisha, simamisha raundi, sema tena. Akizidisha mara ya pili, mshukuru na utafute mtu mwingine. Hulazimiki kucheza na kila mtu, na mwalimu anayekulazimisha huyo naye mtafutie mbadala.

Wenzako wazuri kwa kawaida ni watu wa mkanda wa juu kidogo, au mtu mzima mwenzako. Mgeni wa mkanda mweupe, mwenye kifua na asiyejua anachofanya, ndiye wa kuogopwa kuliko wote.

Hatua ya 6: Chagua mchezo wako

Gadi ni kujilinda kwa miguu ukiwa chini. Ukiwa chini, jifunze nusu gadi: umelala ubavu, miguu yako imebana mguu mmoja wa mwenzako, mkono wa juu unalinda kifua. Inapunguza mwendo, na haikukunji shingo. Ukiwa juu, jifunze kumlalia mwenzako kifuani ukitokea ubavuni mwake, na kutulia. Epuka gadi za kujipindua miguu ikipita juu ya kichwa. Akianza kukukunja kama kitenge ili aipite miguu yako, fungua miguu, mwache apite. Pointi zinarudi, pingili za shingo zina ukaidi wake.

Hatua ya 7: Gonga mapema

Gonga mwili wake mara mbili au tatu, au sema kwa sauti kama mikono imebanwa. Kiwiko: gonga mkono unaponyooka, usisubiri kuuma. Kufuli za kuzungusha kisigino ni mbaya zaidi, kwa kuwa nyuzi za goti zinaweza kukatika kabla maumivu hayajakupa taarifa. IBJJF yenyewe haiziruhusu kwa wakongwe, na sisi tumezifuta kabisa. Kifua kikibana, maumivu yakishuka mkononi au taya likiuma, acha kila kitu uende hospitali hapo hapo.

Hatua ya 8: Kati ya siku za mazoezi

Mara mbili kwa wiki zinatosha kuanzia, zikipishana siku mbili au tatu. Siku za katikati tembea, na ubebe madumu mawili yaliyojaa nusu, moja kila mkono, uende na kurudi. Mgongo na mshiko vitakushukuru. Usile ugali na migebuka saa moja kabla ya kulaliwa tumboni.

Oga mara tu unapomaliza, fua gi siku hiyo hiyo, kata kucha. Mwenye choa akae nje mpaka apone, hata awe mwenye turubai. Na ukikosa mwezi kwa homa, msiba au safari, wiki ya kwanza ya kurudi iwe ya mbinu tu. Ya pili raundi fupi, na yule kijana aliyekwishakuzoea.