Namna ya Kubandika Stika za Kuakisi Mwanga kwenye Gari la Dharura

Kabla ya kukata stika, amua gari litaonekanaje kutoka mbali, kwa kuwa dereva anayekuja kwa kasi hutakiwa kutambua umbo lake kabla ya kusoma maandishi. Anza kwa mstari unaofuata kingo za bodi. Miraba mikubwa iliyobuniwa Uingereza katika miaka ya 1990, njano na buluu kwa polisi, njano na kijani kwa ambulensi, huonekana vizuri sana gari likiwa peke yake. Magari kadhaa yakiegeshwa kwa pembe tofauti, miraba huchanganyikana na jicho likashindwa kujua gari moja linaishia wapi.

Nyuma, bandika mistari ya mshazari inayoshuka kutoka katikati kwenda pembeni kwa nyuzi 45. Nchini Marekani, kanuni ya NFPA 1901 ya shirika la viwango vya kujikinga na moto, toleo la 2009, ilitaka mistari hiyo ifunike angalau nusu ya nyuma ya gari la zimamoto. Hasara yake, ambayo wengi hawaifikirii, ni kwamba mhudumu aliyevaa kizibao cha rangi ileile humezwa na mistari anaposimama mbele yake.

Kwa hiyo fanya jaribio usiku: msimamishe mwenzako hapo akiwa na kizibao, kisha mtazame kutoka kiti cha dereva wa gari jingine lililowashwa taa, si kutoka kando, kwa sababu stika hurudisha mwanga kule ulikotoka. Asipoonekana, badilisha rangi ya kizibao.