Nguo za kichanga kwa hela kidogo: anza na kamba ya kuanikia

Nauza mitumba ya watoto soko la Karume, Ilala. Mama kijacho wengi wanaosimama mezani kwangu huulizia kwanza gauni la kutokea. Mimi huwauliza: nyumbani unafua kila baada ya siku ngapi? Idadi ya nguo inatoka hapo.

Hatua ya 1: Hesabu kwa kufua

Kichanga hucheua na kulowa mara nyingi kwa siku. Ukifua kila siku na jua lipo, vijinguo 6 vya juu na nepi za kitambaa kati ya 15 na 20 vinatosha. Masika, nguo hulala kambani hadi kesho yake, kwa hiyo ongeza nusu. Anayetumia pampasi apunguze nepi, lakini vijinguo asipunguze.

Hatua ya 2: Kanga kabla ya yote

Nunua doti 3 au 4 za pamba. Utazihitaji hata siku ya kujifungua. Mpya zifue mpaka wanga uishe na kitambaa kilainike. Kanga hiyohiyo itakuwa shuka, shali, taulo na mbeleko, na ikichakaa unaikata nepi. Ukiwa Dar, blanketi moja linatosha. Walioko Njombe, Mbeya au Lushoto waongeze sweta, kofia na soksi, maana baridi ya Juni na Julai kule haina mzaha.

Hatua ya 3: Saizi

Lebo nyingi za Ulaya huonyesha urefu wa mtoto kwa sentimita: 50, 56, 62, 68. Za Uingereza na Marekani mara nyingi huandika miezi. Mtoto aliyetimiza miezi huzaliwa na urefu wa kama sentimita 50, na akifikisha mwaka hukaribia 75. Kwa hiyo saizi 56 huvaliwa wiki chache tu. Chukua 3 za saizi hiyo, hela nyingine iende kwenye 62 na 68. Mitumba mingine imeshafuliwa ikasinyaa, basi pima kwa futi ya fundi cherehani badala ya kuamini lebo.

Hatua ya 4: Kagua mezani, usikague nyumbani

Belo, yaani robota la mitumba, likifunguliwa asubuhi, nguo bora huondoka kwa bei ya juu. Jioni bei hushuka, na nguo za watoto bado huwa nzuri kwa sababu wenyewe walizivaa muda mfupi.

Geuza nguo ndani nje. Uzi unaoning'inia ndani ya soksi unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto ukakaba damu, ukate. Vuta kila kifungo. Kinacholegea mtoto atakimeza. Kamba ya shingoni itoe kabisa. Lastiki ikiacha alama kwenye mkono wako, itamuumiza. Chagua zinazofunguka mbele, kwa sababu shingo ya kichanga bado haijakaza na kumvalisha kupitia kichwani ni kazi. Nguo za ndani nunua mpya. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limepiga marufuku za mitumba.

Hatua ya 5: Nusa

Hapa nakusihi usipuuze. Vile vidonge vyeupe vya naftalini, ambavyo watu huweka kabatini kufukuza mende na nondo, ni hatari kwa baadhi ya vichanga. Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya cha mwilini kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali isiyo ngeni Afrika. Mvuke wa naftalini huvunja chembe nyekundu za damu yao, na mtoto akapata manjano makali. Kwa macho huwezi kumtambua mwenye hali hiyo. Nguo inayonuka vidonge hivyo iache, hata ukipewa bure. Mtoto akionekana wa njano machoni, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 6: Fua na upige pasi

Loweka, fua kwa sabuni isiyo na manukato makali, suuza mpaka maji yatoke meupe, anika juani. Kisha piga pasi ya moto pande zote mbili, hasa kwenye mishono na nepi. Yupo nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia kwenye ngozi. Joto la pasi huyaua.

Zinazombana mtoto zifue, zikauke vizuri, umpe mdogo wako au jirani. Ukizihifadhi kwa ajili ya mtoto mwingine, weka majani makavu ya mwarobaini kati yake badala ya naftalini.