Mwenye Nyumba Anapokutishia kwa Sababu ya Kodi
Kudaiwa kodi ni jambo moja na kufukuzwa ni jambo jingine: katika nchi nyingi mwenye nyumba haruhusiwi kubadilisha kufuli, kukata maji wala kutupa vyombo vyako nje bila amri ya mahakama, hata kama deni ni la kweli. Kwa hiyo usihame kwa hofu.

Mwandikie barua ukieleza kiasi unachodaiwa na namna utakavyokilipa, ubaki na nakala, na kila malipo, hata yakiwa madogo, yadaie risiti. Vitisho viandike siku hiyohiyo, pamoja na saa, maneno yaliyotamkwa na majina ya mashahidi; akitishia kukudhuru, nenda polisi mara moja. Wito wa mahakama usiupuuze kamwe, kwani asiyefika anaweza kuhukumiwa bila kusikilizwa.