Dogo wa Kimasai uliyeletwa Dar kusoma: namna ya kuukabili upweke wa mjini

Hii ni kwa madogo wa kwetu, wa Longido, Simanjiro, Kiteto, hata nyie ambao wazazi walihamia Msomera kutoka Ngorongoro, mlioletwa Dar kukaa kwa ndugu ili msome. Nyumbani wanajua unakula bata, kumbe wewe usiku unageukia ukutani.

Kinachouma Dar sio kukosa watu, watu wapo mpaka wanakukanyaga kwenye mwendokasi, kinachouma ni mtaa mzima kukujua kama "Masai" au "yero" alafu hakuna hata mmoja anayejua unaitwa nani. Kwa hiyo anza na jina. Wa dukani akikuita yero itika, cheka nae, mtajie jina lako na umuulize lake (si na yeye anaitwa Mangi kutwa nzima kisa Mchaga), kesho ukipita muite kwa jina lake, ukirudiarudia atalishika na lako. Anayekuita kwa dharau mpotezee, usirushe ngumi, maana ukirusha wewe mmoja itasemwa Wamasai wote wakorofi. Sio haki lakini ndo ilivyo.

Alafu tafuta wa kwetu mapema. Wazee wanaolinda mageti, vijana wanaosuka, wanaouza dawa za mizizi, karibu kila mtaa wapo. Kwa watu wengine ni shikamoo unapita, ila kwa mzee wa Kimasai nenda umuinamishie kichwa akishike kama nyumbani, atakuuliza boma la nani, ukoo gani, na chai haijapoa ushapata baba mdogo. Siku ya mapumziko ukipata mtu mzima wa kwenda nae, mwambie akupeleke mnadani Pugu kwenye ng'ombe, utasikia Kimasai mpaka uchoke. Ila usiweke maisha yako yote huko, ukishinda na wa kwetu tu, darasani utakuwa mgeni mpaka unamaliza form four.

Darasani watakuiga unavyoongea, wachekeshaji wa kwenye simu washawafundisha. Usihangaike kuficha lafudhi, utaongea kwa woga na watakucheka zaidi. Angalia hivi, sekondari masomo ni kwa Kiingereza, na hao wengi wanaokucheka wametoka shule za msingi za Kiswahili kama wewe, Kiingereza kimewakaba vilevile, so tafuta mmoja aliyekwama msome wote, mtu mliyehangaika nae swali moja la hesabu hakuachi kirahisi. Wakikuomba uruke kwenye mahafali, unapenda ruka, hupendi kataa, wewe sio kikundi cha ngoma. Na akitokea wa kusema Wamasai hawasomi muulize Sokoine Drive pale mjini imepewa jina la nani: Edward Sokoine, mtoto wa Monduli, waziri mkuu mara mbili, akafa kwa ajali ya gari Dakawa mwaka 1984.

Chakula kitakusumbua kidogo, samaki na dagaa wataletwa mezani wakati kwenu hawaliwi, sema kwa adabu hujazoea, usisukume sahani. Mtindi upo madukani, sio wa mama lakini unasaidia.

Kingine hiki wengi hawakisemi, ni rika, yaani wale mnaopitia sherehe za kimila pamoja. Unafungua simu unaona status za wenzako wako kwenye sherehe, wamepakwa nyekundu wanang'aa, wewe una daftari la bayolojia, unajiona kama umeachwa njiani. Hapo usikae kimya, mpigie baba mapema umuombe sherehe zinazokuhusu wewe zisogezwe mwezi wa 12 shule zikifungwa, siku hizi wazee wengi wanaelewa. Na hao wenzako wapigie, usiishie kuangalia picha, ongeeni Kimasai hata dakika mbili za bando.

Mabinti, na nyie wavulana pia, kama uliahidiwa shule ukafika ukageuzwa dada wa kazi au mlinzi wa geti, au mtu wa nyumba hiyo anakushika usivyotaka, huo sio upweke wa kuzoea. Mwambie mwalimu unayemuamini, nenda dawati la jinsia na watoto polisi, au piga 116, simu ya watoto, ni bure. Kama huna simu azima ya yule baba mdogo wa getini.